Uzinduzi wa Jumba la Rejista Kongwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, nafasi ambayo kwa unyenyekevu mkubwa naishika mimi mwenyewe. Mheshimiwa Makamu wa Kwanza, ambaye yuko safarini. Mheshimiwa Makamu wa Pili, ambaye amemsindikiza. Ndugu Mkaguzi Mkuu wa Maduka, Migahawa na Vibanda, ambaye bunda lake la funguo nalisikia kila anapojigeuza kitini. Wakuu wa Idara ya Takwimu, Idara ya Fanicha, Idara ya Elimu na Kitengo cha Vyuma Chakavu. Shemeji yangu, aliyetukodishia viti hivi vyenye vitambaa vyeupe na kuvipanga mahali palipokuwa na viti vingine. Ndugu zangu wenye maduka mliofungiwa, na ndugu zangu wenye maduka ambao zamu yenu haijafika. Mama yetu mpendwa mwenye mgahawa huu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Supu na ambaye ofisi yangu, kwa heshima, inamwita Mdau Mwenyeji. Mpiga picha, upande huu ndio wangu mzuri. Mabibi na mabwana, itifaki tumeizingatia mpaka imeomba kupumzika.

(Makofi. Yalianzia meza ya mbele, yakaishia hapohapo.)

Asanteni, asanteni, kaeni, msinichoshe kwa mapenzi. Leo ni siku ambayo wajukuu wetu watakuja kuulizana ilikuwaje, kwa sababu leo, katika muktadha wa mpango mkakati wetu shirikishi wa kuhuisha, kuhifadhi na kuhamasisha urithi wa kibiashara kwa maendeleo jumuishi na endelevu, tunazindua rasmi Jumba la Rejista Kongwe, projekti ambayo nimeibuni mwenyewe, nikaiwasilisha mwenyewe, nikaipitisha mwenyewe, na kwa sababu ya uadilifu nilionao, nikajipongeza mwenyewe kwa barua yenye muhuri.

Najua wapo kati yenu mnaojiuliza rejista ni nini, na siwalaumu, elimu ni bahari. Rejista ni ile mashine ya kaunta, yenye vitufe vya bei, droo ya pesa, mkono wa kuzungushia na kengele. (Sauti kutoka nyuma: wanaijua, walikuwa nazo mpaka zilipochukuliwa.) Nashukuru kwa mchango huo. Kabla ya rejista, ndugu zangu, binadamu aliishi gizani. Mwenye duka alitia pesa kwenye kopo la biskuti, mwenye mgahawa alifunga pesa kwenye pindo la nguo, na wapo mashangazi, siwataji, waliohifadhi mauzo ya siku mahali ambapo hakuna mkaguzi mwenye heshima zake anayeweza kukagua. (Kicheko. Mkaguzi Mkuu alitazama dari.) Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, lakini kwa upeo wao mdogo wa kiteknolojia hawakuwaza kwamba daftari nalo linaweza kupotea.

Ndipo huko ng'ambo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwenye baa mmoja akaona watu wanakunywa usiku kucha na yeye anaamka maskini. Wahudumu walikuwa wakipokea pesa na kuzielekeza mifukoni mwao, mtindo ambao ofisini kwetu tunauita uhamishaji wa ndani wa mafungu. Bwana yule akasafiri kwa meli ili atulize mawazo, na humo akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya rafadha, yaani lile panga linalosukuma maji, na akajiambia: ikiwa chuma kinaweza kuhesabu mizunguko, kwa nini kisihesabu bilauri? Akarudi nyumbani kutengeneza mashine. Baadaye mashine hiyo ikawekwa kengele, ili droo ikifunguka, tajiri aliye jikoni, stoo au kitandani asikie. Baadaye ikawekwa karatasi ya risiti, kisha mota ya umeme, kisha kioo kinachowaka namba. Wapo hata wanaosimulia kwamba bei zile zinazoishia na tisini na tisa zilianzishwa ili mteja adai chenji, na muuzaji alazimike kufungua droo, na kengele ilie. Mimi nimelitafiti jambo hili kwa kina katika safari mbili za mafunzo, na matokeo ya utafiti ni kwamba hoteli za huko zina vitanda vizuri.

(Makofi kutoka kwa Idara ya Takwimu, ambao walikuwa safari ya pili.)

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Ndani ya mgahawa huu, pale kwenye kaunta, hapo palipo na mraba ambao rangi ya mbao haijafifia, palikuwa na rejista ya shaba yenye maua ya kuchongwa, ambayo kwa mujibu wa tathmini yetu ilikuwa kongwe kuliko zote mjini. Mdau Mwenyeji aliirithi kwa mama mkwe wake. Nimeelezwa kwamba mhudumu akishapeleka sahani alitangaza bei kwa sauti, Mama Supu akabonyeza vitufe bila kuvitazama, akavuta mkono, kengele ikalia, na watu wote mezani wakajua kwamba fulani amelipa kwa heshima yake na anaweza kuondoka akiaga. Nimeelezwa vilevile kwamba kitufe cha nane kilikuwa kigumu na kilihitaji kupigwa kofi. Mama, unataka kuongeza?

(Mwenye mgahawa, aliyekuwa amesimama na birika mlangoni mwa jikoni, alisema kwamba hakikuwa kinapigwa kofi, kilikuwa kinabembelezwa kwa kidole gumba, na kwamba mama mkwe wake alimfundisha wiki ya kwanza ya ndoa, kabla hata hajamfundisha jiko. Alisema kwamba mashine hiyo ndiyo iliyowapatanisha, maana wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja mpaka walipoanza kukaa pamoja kaunta. Kisha akauliza kama imeletwa, kwa sababu ndiyo ahadi aliyopewa alipokubali kupikia sherehe: leo atarudishiwa mashine yake au atapewa mpya, na mgahawa utafunguliwa. Watu waligeuka kumtazama Mheshimiwa.)

Naam, naam, hoja nzuri sana, na imo ndani ya hotuba, ukurasa wa mbele kidogo. Hayo ndiyo mambo yanayotia moyo, mwananchi wa kawaida kufahamu hatua za projekti. Ngoja niwakumbushe wadau wote kwamba projekti ina awamu tatu. Awamu ya Kwanza ilikuwa Ukusanyaji, ambapo kwa Waraka wangu Namba Saba tuliwataka wenye maduka na migahawa yote kusalimisha rejista za zamani kwa ajili ya Jumba. Awamu ya Pili ni Usambazaji, ambapo kila mmoja atapewa mashine mpya ya kisasa. Awamu ya Tatu ni Ukaguzi, ambapo duka lolote lisilo na mashine linafungwa kwa kufuli, na risiti ya kuandikwa kwa mkono inapigwa marufuku, kwa kuwa mkono wa binadamu una tabia ya kuteleza. Kwa sababu za kiutendaji ambazo haziko ndani ya uwezo wa mtu yeyote niliyemteua, Awamu ya Tatu imetangulia Awamu ya Pili.

(Muuza viatu wa duka la jirani alisema kwamba yeye ameshafungiwa duka miezi minne na watoto wake wanakula kwa shangazi yao. Aliambiwa akae.)

Msikae na huzuni, ndugu zangu! Tazameni takwimu. Kabla ya projekti, asilimia thelathini ya maduka ya mtaa huu yalikuwa yanakiuka taratibu za mauzo. Leo hii, baada ya kuyafunga, ukiukaji umeshuka hadi sifuri. Foleni za kulipa zimekwisha kabisa. Malalamiko ya wateja kuhusu chenji yamepungua kwa asilimia mia moja na nne, na ile nne ya ziada ni watu waliokuwa wakilalamika zamani, wakaamua kuondoa malalamiko yao kwa kuvutiwa na mafanikio. Mtaa umetulia. Nilipita hapa jana kwa gari nikasikia ndege. Ni serikali ngapi duniani zimeweza kuwapa wananchi wao sauti ya ndege saa nne asubuhi ya siku ya kazi?

(Makofi ya meza ya mbele. Meza ya mbele ndiyo iliyokuwa imepewa chai.)

Sasa nije kwenye uhifadhi, ambao ndio roho ya jambo. Rejista zilipofika makao makuu, liliibuka swali zito la kisera: rejista ni nini kiutawala? Je, ni chombo cha chuma, ni fanicha, ni nyaraka, au ni ala ya sauti? Msicheke, kitu kisicho na idara hakina bajeti, na kisicho na bajeti hakipo. Tulikaa wokshopu ya siku tisa kando ya bwawa la kuogelea. Mjadala ulikuwa mkali, watu wazima walirushiana vitafunio, lakini kwa hekima niliyojaliwa nikapendekeza suluhisho shirikishi ambalo limenukuliwa katika ripoti zangu zote: kwa kuwa kila idara ina haki, kila idara ipewe kilicho chake. Idara ya Takwimu wakachukua vitufe, kwa sababu vina namba. Idara ya Fanicha wakachukua droo, kwa sababu ni za mbao, na leo hii droo hizo ziko juu ya meza za maofisa waandamizi zikihifadhi barua ambazo bado hazijajibiwa. Idara ya Elimu wakachukua kengele, wakazigawa shuleni. Kilichobaki, yaani ganda, ambalo kwa mtazamo wa kitaalamu halikuwa tena na sifa za rejista, tukalikabidhi Kitengo cha Vyuma Chakavu, nao wakalipima kwa uzito na kulipatia mnunuzi. Hakuna hata kipande kimoja kilichopotea! Nionyesheni projekti nyingine ambayo mali yake yote inajulikana ilikokwenda!

(Mheshimiwa alisubiri makofi. Mkuu wa Kitengo cha Vyuma Chakavu alianza kupiga, akaona yuko peke yake, akajifanya anaua mbu. Mwenye mgahawa aliweka birika chini. Aliuliza, bila kupaza sauti, kama ndiyo kusema mashine yake imevunjwa. Mheshimiwa alisema neno sahihi ni kugatuliwa.)

(Mwenye mgahawa akasema: "Mimi niliwapa mashine nzima. Wanaume wanne waliibeba, na mlangoni nikawaambia taratibu, msiigonge. Kama mngeniambia mnaenda kuigawana kama nyama, ningeizika mwenyewe." Alikuwa analia na hakuficha. Muuza viatu alimpa kiti, kimojawapo cha vile vyenye kitambaa cheupe. Shemeji yake Mheshimiwa alisema viti hivyo ni vya wageni rasmi.)

Nimeguswa. Kwa dhati kabisa nimeguswa, na naomba katibu aandike kwamba nimeguswa. Mama, machozi yako ni ushahidi kwamba jamii imeanza kuimiliki projekti. Na usidhani sisi hatuna uchungu. Mimi mwenyewe nina droo moja ofisini kwangu, nzuri, yenye vijumba vitano vya sarafu, na kila ninapotia humo miwani yangu nawakumbuka wananchi. Pia nakuhakikishia kengele yako haikwenda mbali. Kwa kuwa ilikuwa na mlio wa kipekee, haikupelekwa shule, ilibakishwa mlangoni kwa katibu wangu muhtasi, na ikilia, chai inaletwa.

(Minong'ono. Mtu alisema: "Kumbe.")

Lakini viongozi hatuishi kwa kutazama nyuma. Tutazame mbele, tulione Jumba! Litakuwa la ghorofa sita. Ghorofa ya kwanza, Ukumbi wa Vitufe. Ya pili, Ukumbi wa Droo, wenye droo moja kubwa ambayo mgeni ataingia ndani yake akafungiwa kwa dakika moja ili aonje maisha ya sarafu. Ya tatu, migahawa ya kale iliyotengenezwa upya, na sanamu za wahudumu wa nta wakiiba. Ya nne, ofisi yangu. Ya tano, chumba cha kusubiri kuingia ofisini kwangu. Ya sita bado inafanyiwa upembuzi yakinifu, ingawa mshauri mwelekezi ameshalipwa. Watalii milioni mbili kwa mwaka, ajira za moja kwa moja mia tisa, ajira zisizo za moja kwa moja hazihesabiki, hasa baada ya vitufe kugawanywa. Ukiona vyaelea, ndugu zangu, vimeundwa!

(Muuza viatu aliuliza kinachoelea kiko wapi. Alielekezwa kwenye picha iliyochorwa kwenye turubai nyuma ya Mheshimiwa. Upepo wa feni ulikuwa umeikunja kuanzia ghorofa ya tatu.)

Nakaribia mwisho, kwa hiyo naomba muda wa kushukuru. Namshukuru msanifu wa majengo, aliyechora picha hiyo mnayoiona na kutushauri kwa busara kwamba ikipendeza tusiiharibu kwa kujenga. Namshukuru mwenye kiwanja, ambaye nimearifiwa leo asubuhi kwamba amekwishaanza kulima mboga, na hiyo ni haki yake, kwa kuwa hatukuwahi kumuuliza. Namshukuru mkandarasi, popote atakapozaliwa. Naishukuru Hazina kwa kutoa fedha zote kwa wakati, nasi hatukuwaangusha, tumezitumia zote kwa wakati: kwenye kamati, kwenye wokshopu, kwenye safari, na salio lake ndilo hafla hii. Kwa maana hiyo projekti imekamilika kwa asilimia mia kifedha, na limebaki suala dogo tu la jengo na vilivyomo, ambavyo kitaalamu ni mapambo. Na mwisho kabisa namshukuru Mdau Mwenyeji kwa supu, mayai na mkate, na namwomba, kabla hatujaondoka na Mkaguzi hajarudisha kufuli, amkabidhi Mhasibu wetu risiti ya wageni mia nne.

(Wageni, pamoja na dereva aliyelala garini, walikuwa thelathini na mmoja.)

(Mwenye mgahawa alijifuta uso kwa aproni, akainuka. "Risiti inatolewa na mashine, Mheshimiwa," alisema. "Ya kwangu ndiyo hiyo inayokuitia chai.")

Aaa... hilo ni la kiutendaji tu, mama, andika kwenye karatasi yoyote. Mhasibu, kalamu.

(Mkaguzi Mkuu alisimama, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake alikumbusha kwamba risiti ya mkono imepigwa marufuku na Waraka Namba Saba, na mwenye kuitoa na mwenye kuipokea wote wanashitakiwa. Mheshimiwa alimwuliza ni mjinga gani aliyeandika kifungu hicho. Mkaguzi alimwonyesha sahihi. Mhasibu naye alieleza, akitazama viatu vyake, kwamba bila risiti gharama zote za hafla, pamoja na viti vya shemeji, zitakatwa kwenye mshahara wa aliyeidhinisha.)

Tulieni, tulieni, kamera izimwe kidogo. Mama yangu. Dada yangu. Sisi ni watu wa nyumba moja. Mimi hapa nakupa kibali maalumu, wewe peke yako, kwa leo tu, kwa risiti moja tu, uandike kwa mkono wako mzuri.

("Sitaki kibali cha leo," mwenye mgahawa alisema. "Futa kifungu. Kwa mtaa mzima, na kufuli zitoke. Mashine mmeshaila, sisi tutaandika kwa mkono. Ukishaweka sahihi, na mimi naandika." Muuza viatu alikuwa ameshasogeza meza. Mtu mwingine alishaleta karatasi. Mheshimiwa alimtazama Mhasibu, Mhasibu akatikisa kichwa. Mheshimiwa alimtazama shemeji yake, naye alikuwa anahesabu viti. Mheshimiwa aliandika mistari mitatu na kuitia sahihi, iliyokuwa ndefu kuliko mistari yenyewe. Mkaguzi Mkuu aliisoma mara mbili, akalitoa bunda lake la funguo, akaanza kuwagawia wenyewe kwa majina ya maduka. Hapo ukumbi ulilipuka kwa makofi, vigelegele na miluzi. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya viti vyenye vitambaa vyeupe.)

Washeni kamera, washeni! Mnaona? Mnasikia? Niliwaambia wale wa Hazina, wananchi watalipenda Jumba, wakanicheka! Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kupigiwa makofi ya namna hii, na nayapokea kwa niaba yangu. Ndugu zangu, nikisema Jumba, mseme Letu! Jumba!

(Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanatoka.)

Jumba! Nasema, Jumba! Basi, furaha imewazidi, nawaelewa, nendeni mkawaambie na wengine. Nami nawashukuru sana kwa kulipokea Jumba hili kwa mikono miwili, Jumba ambalo mmethibitisha wenyewe leo kwamba lina manufaa makubwa hata bila kujengwa, na kwa msingi huo natangaza rasmi kwamba halitajengwa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Maneno ya mwisho yalisikiwa na mpiga picha na Mhasibu. Nje, milango ya maduka ilikuwa ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine, na muuza viatu alikuwa anafagia vumbi la miezi minne kuelekea barabarani, karibu na gari la ofisi. Mwenye mgahawa alimletea Mheshimiwa risiti yake, imekunjwa vizuri. Ilisema: wageni thelathini na mmoja.)